Nyota Iliyotoa Povu

Jumapili, 8 Desemba
Nimechoka kabla Krismasi haijafika. Leo Padre Gaudencio katangaza kwamba nyota ya kutundikwa mlangoni pa kanisa mwaka huu itengenezwe kwa takataka tupu. Karatasi mpya marufuku. Plastiki zitakazobaki zitashindiliwa kwenye chupa, na chupa hizo zitatumika kujenga ukuta wa jiko la parokia. Sawa. Tatizo ni mdomo wangu. Nilishamwambia binti yangu Rowena, aliye Dubai, kwamba nyota ya mlangoni ni yangu. Anakuja tarehe 22. Miaka sita sijamwona. Ee Bwana, uongo ule ufanye uwe kweli.

Jumanne, 10 Desemba
Wifi yangu Iluminada anazunguka na gunia akiokota vipakiti vya shampuu vilivyotumika. Anavisuuza kimoja kimoja, anavianika kambani kama nguo za kitoto kichanga. Mgongo wangu hauwezi. Lakini si nina duka? Vipakiti vinaning'inia mbele ya pua yangu, vinang'aa, havijakanyagwa na mtu. Nikavikata vyote, shampuu nikaimimina ndooni. Kipakiti kitupu ni nini kama si takataka? Dhamiri imetulia.

Jumamosi, 14 Desemba
Nyota tayari. Mianzi, waya, balbu, na vipakiti nimevishona kwa sindano ya magunia. Sikuvisuuza. Maji yangefifisha mng'ao, na vidole vinaniuma. Mume wangu Dominador analalamika kwamba tunaoshea vyombo shampuu, hata wali unanukia waridi. Nikamwambia ashukuru kwa kila jambo, ndivyo Maandiko yasemavyo.

Jioni kamati ya parokia ikachagua yangu. Yangu! Wifi aliitazama sana, akauliza nimeokota wapi takataka isiyo na hata mkunjo. Nikasema Mungu ana njia zake.

Jumatatu, 16 Desemba
Misa ya kwanza kati ya zile tisa za alfajiri kabla ya Krismasi. Nyota inawaka mlangoni. Nilisali kidogo, nikageuka nyuma mara nyingi. Bwana anajua udhaifu wetu.

Jumatano, 18 Desemba
Mvua. Ilianza katikati ya mahubiri. Tulipotoka, nyota inatoa povu. Tena si la mchezo. Limeshuka mlangoni, limetanda ngazini. Kiongozi wa kwaya akateleza, akakalia bibingka, mikate ya mchele ya mama anayeuza nje ya kanisa. Watoto wakarukaruka, eti hatimaye theluji imefika hapa kwetu Pampanga. Padre alisimama na povu utosini.

Wifi akanisogelea sikioni. "Wifi, vipakiti vyangu vilishaogesha watu. Hivi vyako vilikuwa vinamsubiri Padre?"

Yangu imeshushwa. Yake imepanda. Nitamwambia nini Rowena?

Jumapili, 22 Desemba
Rowena amefika. Amekonda. Hata mizigo hajafungua, anataka kwenda kanisani kuiona nyota. Nikasingizia goti, nikasingizia jua kali. Wapi! Akanishika mkono, tukaenda.

Akasimama chini ya nyota ya wifi, machozi yakamtoka. "Mama, ni nzuri kuliko ulivyonisimulia."

Na wifi yupo pale pale, anafagia ngazi. Nikajidai nakagua balbu.

Wifi akaegemea ufagio. "Mama yako ana mkono wa ufundi, mwanangu. Mimi nilimsaidia kusuuza tu." Kisha akanitupia jicho. Nikaona haya mpaka kwenye visigino.

Rowena akamkumbatia shangazi yake, akanikumbatia na mimi. Nimelia kama mjinga. Wifi nitamshukuru, nikipata nguvu.

Baadaye nikapiga magoti mbele ya Sakramenti, nikatafakari kwa unyenyekevu kosa langu lilikuwa wapi. Nimelionyeshwa waziwazi. Ni shampuu. Mwakani natumia vipakiti vya kahawa. Kahawa haitoi povu. Ndoo ya kwanza imeshajaa.