Maelezo Kamili Kuhusu Kioo cha Laptopu ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimekwisha. Laptopu ya mke wangu imekufa kioo. Si chote, nusu. Kushoto bado namwona polisi anakimbia, kulia ni giza na mstari wa kijani. Mwizi kaingia gizani. Sijui hata kama alikamatwa.

Mke wangu kaondoka jana kwenda kumuuguza mama yake, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho. Laptopu kaiacha kwa sababu kule kuna wajukuu saba. Aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaniambia nisiiguse. Nikamuuliza niiguse ya nini. Leo nimetoka kazini, sijavua hata viatu, nimeigusa.

Humo ndani mna utafiti wake wa mwaka mzima. Yeye ni muuguzi, kahoji akina mama themanini wanaokatiza kliniki, na Jumanne ijayo anauwasilisha mbele ya walimu wake. Akipita, anahitimu. Akikosa siku hiyo, anarudia mwaka.

Kosa ni langu, nalijua. Nilikuwa natazama filamu huku nakula karanga. Mtu akabisha hodi, nikaifunga laptopu haraka, nilipoifungua nikakuta ganda limelala juu ya vitufe na kioo kimekwenda. Ganda moja! Tumbo langu litanizika.

Waranti ipo, imebaki miezi mitano. Lakini waranti gani inalipia ulafi? Hapa panahitaji akili. Na mimi, ashukuriwe Mungu, ni karani wa masijala, miaka kumi na tisa ndani ya mafaili. Najua siri moja: faili lenye maelezo kamili halirudishwi.

Jumanne, 4 Juni

Kazini nimesema jino linaniuma. Njiani nimepita kwenye kibanda cha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi simu. Sikumwomba ushauri, nilipita tu polepole. Akanishauri. Eti niende na risiti, niseme kioo kimezimika, ninyamaze. Basi! Huyu ndiye ukoo mzima unamwita mtaalamu. Anafanya kazi amevaa ndala.

Mimi nilikuwa na kurasa mbili zilizopigwa chapa, aya saba. Aya ya nne ndiyo ngome yangu: "Endapo itadaiwa kwamba laptopu ilianguka, ieleweke kwamba ilipoanguka mimi nilikuwa kazini." Apite nani hapo?

Dada wa kaunta hakutaka kurasa zangu. Kasema risiti inatosha, baba. Nikamsihi asome. Kasoma akichezesha kalamu, kafika aya ya nne, kalamu ikatulia. Kaweka alama kwenye kisanduku cha "Ilianguka". Akauliza nani alikuwa nyumbani. Nikisema hakukuwa na mtu, nitaonekana mwongo. Nikasema mke wangu. Akauliza aliiangushaje. Foleni nyuma yangu inakohoa. Nikasema mke wangu ana hasira za karibu.

Kayaandika yote. Halafu kanijulisha kwa upole kwamba waranti haihusu vitu vilivyoanguka.

Jumatano, 5 Juni

Jino bado linauma. Bosi kaniangalia shavu kwa muda mrefu.

Nimepeleka maelezo ya pili, kurasa tatu. Humo nimekanusha kuanguka kote. Nimeeleza kwamba laptopu tangu inunuliwe haijawahi kuondolewa mezani, haijafunguliwa, wala haijatumiwa na kiumbe yeyote.

Dada kauliza tumejuaje kwamba ni mbovu.

Laptopu walikuwa wameshaipeleka ndani kwa fundi. Kabla sijajibu akatoka fundi huyo, mzee wa miwani, na kikaratasi chenye maganda manne ya karanga aliyoyatoa kwenye vitufe. Manne! Nilidhani ni moja. Nikasema huenda ni ya kiwandani.

Sasa faili lina maelezo mawili yanayopigana. Dada kasema mashine itabaki kwao mpaka mkuu wa huduma aamue lipi ni la kweli. Nimeingia na laptopu mbovu, nimetoka mikono mitupu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepiga simu dukani kwa sauti nzito. Nikajitambulisha kuwa ni Mkurugenzi. Wa nini, sikusema, mkurugenzi wa kweli hajielezi. Nikaagiza mashine itolewe kabla ya saa sita.

Dada kanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba namba ninayopigia ndiyo niliyoiandika kwenye fomu.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kapata habari, sijui kwa nani. Kacheka mpaka kashika ukuta. Alipomaliza akajitolea kunisindikiza dukani, anamfahamu yule fundi. Njia ya mwongo fupi, shemeji, kaniambia. Nikamjibu kwamba yangu bado ndefu sana na naijua mwenyewe.

Jioni mke wangu kapiga simu. Mama anaona vizuri, kamtambua mpaka mbuzi wa jirani. Yeye atarudi kesho, ana hamu ya kumalizia sura ya mwisho. Akauliza laptopu yake haijambo? Nikasema haijambo, imepumzika.

Nimeweka sinia chini ya kile kitambaa. Nimepachika na daftari moja kuongeza unene. Ukisimama mlangoni, huwezi kutofautisha.

Jumamosi, 8 Juni

Hakusimama mlangoni.

Kafunua kitambaa, kaliangalia sinia, kaniangalia mimi. Nikaanza kueleza. Kainua mkono, katoa risiti niliyokuwa nimeirudisha kwenye kopo anamoweka vyeti vyake, akatoka. Nikamfuata hatua kumi nyuma.

Dada wa kaunta kafungua faili na kulisoma kwa sauti, kazi yake ndiyo hiyo. Mke wangu akasikia kwamba ana hasira za karibu. Akasikia kwamba ndiye aliyeiangusha. Siku hiyo alikuwa amekaa kando ya kitanda cha mama yake, anamdondoshea dawa ya jicho. Watu wa foleni waliacha kukohoa.

Fundi wa miwani akaja kutoka ndani. Akamwambia mke wangu, si mimi:

"Haikuanguka, mama. Haina hata mkwaruzo. Vioo vya toleo hili vina kasoro kutoka kiwandani, nimeshabadilisha kumi na kimoja. Hiki ningekibadilisha siku ileile, kazi ya saa moja."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, na karanga je? Akasema karanga hazina kesi.

Kioo kipya kipo, kakitoa kwenye boksi tukakiona. Lakini hawezi kukifunga mpaka maelezo yangu yafutwe na mimi mwenyewe niliyeyaandika, na mkuu wa huduma agonge muhuri. Mkuu huondoka saa sita. Ilikuwa saa saba. Mpaka Jumatatu.

Tulipofika nyumbani ndipo akasema:

"Mwaka mzima naamka saa kumi kwa ajili ya kazi ile, na wewe unalala. Sikukuomba msaada hata siku moja. Sasa nakuomba. Andika mstari mmoja: haikuanguka. Tia sahihi. Uondoke."

Jumapili, 9 Juni

Kashinda mezani anaandika sura ya mwisho kwa mkono, katika daftari lililokuwa juu ya sinia. Anafumba macho, anakumbuka maneno ya mama mmoja, anaandika. Anafumba tena. Nimempelekea chai. Kainywa, kasema asante. Afadhali angenitukana.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mwanamke yule hakunikosea kitu. Nimejiapia, na leo sitanii: mstari mmoja.

Jumatatu, 10 Juni. Saa tatu asubuhi

Naandika nikiwa kwenye benchi la duka. Nimekuwa wa kwanza, kabla hawajafungua. Kazini nimesema ukweli, kwamba nina shida ya kifamilia. Bosi kaniambia afadhali lile jino.

Dada kanipa karatasi nyeupe. Nikaandika: "Laptopu haikuanguka." Nikatia sahihi. Maneno mawili! Dada kayasoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kasema hapo sasa, baba. Karatasi kaiacha kaunta, kaenda kumwita mkuu aje na muhuri wake. Fundi keshawasha taa ya mezani kwake, skrubu kazipanga kwenye kifuniko. Saa nne laptopu itakuwa mkononi mwangu. Mke wangu nimemwacha anapiga pasi gauni la kesho, na asubuhi alinisindikiza mpaka mlangoni. Nimefurahi, kusema kweli. Machozi yalinilenga nilipokuwa natia sahihi.

Karatasi naiona kutoka hapa. Iko pale, peke yake. Juu ya sahihi yangu pana nafasi tupu, yapata upana wa kiganja.

Miaka kumi na tisa masijala sijawahi kupitisha karatasi yenye nafasi kama ile. Mtu yeyote anaweza kujaza chochote pale. Na mkuu atauliza: kama haikuanguka, kwa nini mwanzo ulisema ilianguka? Atabaki na wasiwasi. Mkuu mwenye wasiwasi hagongi muhuri, na mke wangu ana kesho tu. Ni kwa faida yake, jamani. Sentensi moja ya kufafanua, fupi, yenye heshima, ili jambo hili life kabisa.

Dada hajarudi. Kalamu ninayo mkononi. Nimesogea kaunta, nimeanza na maneno mepesi tu: "Hata hivyo, endapo..."