Senti Kumi Yangu Mwenyewe kwa Doti ya Kanga

Ndugu zangu wa Bukene,

Leo nimejianika mchana kweupe, tena stesheni. Nawaandikia upesi kwa sababu treni ya Mwanza itawaletea habari hii ikiwa imeshatiwa chumvi, na mimi nataka mpate ya kwangu kwanza.

Asubuhi nilipanga foleni duka la ushirika. Mnajua kanga zinavyopatikana siku hizi. Mbele yangu walikuwa watu thelathini (nilihesabu mara mbili). Nikatoka na doti moja nyekundu, ya mke wangu Zuhura kuvaa Jumamosi kwenye harusi ya mdogo wake. Nilikuwa nimemwahidi mbele ya mama yake. Nikaiweka juu ya kiti barazani.

Sijakaa, bibi mmoja huyo mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Hamisi muuza baiskeli kuukuu?"

"Ndiye mimi."

"Nimetoka Kigwa kukutafuta wewe."

(Nikajua sifa za uaminifu wangu zimeshafika Kigwa.)

Akafungua pindo la kanga yake, akatoa senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati. "Nimekuja kwa sababu ya hii," akasema. Alitaka kuendelea, lakini mimi nilikuwa nimeshaiona. Maandishi yake yalikuwa mawili mawili. Kila herufi na mwenzake pembeni.

Sasa, mnamkumbuka Mzee Sefu sonara. Mwezi uliopita alituambia zipo sarafu ambazo muhuri wa kiwandani wenyewe ulichongwa maandishi mara mbili yakapishana kidogo, na kuna mwalimu mgeni hapa mjini anazitafuta. Bei yake inafika ya baiskeli mpya. Alituonya pia tusizichanganye na sarafu zilizochakaa. Onyo nililisikia nusu. Bei niliisikia yote.

"Hii imechakaa tu, bibi," nikamwambia kwa sauti ya usingizi. "Lakini kwa kuwa umetoka mbali, chukua shilingi tano."

Bibi akanitazama, akaitazama senti, akanitazama tena.

"Shilingi nitanunulia nini? Duka letu la kijiji lina viberiti na ukuta." Macho yakaenda kwenye kiti. "Nipe hizo kanga."

"Chukua moja."

"Kanga moja nimvalie nani?"

Tukavutana. Mimi, ninayekimbiwa sokoni kote kwa kubishania bei, nikatoa doti nzima. Nikajipa moyo kwamba mwenye baiskeli mpya hakosi kanga.

Bibi akaondoka kwa mwendo usiolingana na umri wake. (Hapo nilipaswa kushtuka.)

Nikaipeleka senti mbio kwa Mzee Sefu, naye akabana lenzi jichoni. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Hamisi, herufi iliyozaliwa pacha husimama pacha. Zote mbili kimo kimoja, zote zina mgongo. Hizi zako moja imesimama, ya pili imelala kama taruma la reli. Imesukumwa. Tena zote zimesukumwa upande mmoja, kulizunguka tundu. Unajua ni nini kinachozunguka hivyo?"

"Sijui."

"Nati ikikazwa. Na wewe unauza baiskeli!"

Nikakimbia stesheni. Treni ya kwenda Kigwa ilikuwa haijafika, abiria wamejaa. Bibi amekaa juu ya furushi, kanga ameshazikata, moja kiunoni, moja begani. Zimempendeza, lazima niseme.

"Bibi, ile senti uliitoa wapi?"

"Chini ya nati ya keria," akajibu, wala hakupunguza sauti.

"Keria ya baiskeli ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu. Uliyomuuzia wewe. Ukamwapia umefunga washa mpya, kile kibati chenye tundu, chini ya nati, ukamtoza shilingi nzima. Juzi keria imeanguka na gunia la karanga. Fundi kuifungua, anakuta senti kumi. Nimekuja kudai washa yangu."

Nikakumbuka vizuri sana. Fedha za Afrika Mashariki zilikuwa zinaondolewa, nikaona nisiitupe bure.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Ulianza kutaja bei kabla sijameza mate. Mtu anakupa doti kwa senti yake mwenyewe, utamkataza?"

Abiria waliacha kula. Mkata tiketi alicheka mpaka akashika nguzo ya dirisha lake. Nilitazama reli kama mtu anayesubiri mgeni.

Mwishowe bibi akanihurumia. "Una washa ya kweli?"

Mfukoni huwa sikosi. Nikampa. Akaigeuza huku na huku akitafuta maandishi. Alipoyakosa, akavua kanga ya begani, akanitupia.

"Hii ya mkeo. Ya kiunoni ni nauli yangu ya kuja na kurudi."

Nyumbani Zuhura akaipokea, akaikunjua, akatazama nyuma yangu.

"Ya pili iko wapi?"

Nikamweleza yote. Hakucheka, na hilo ndilo linalonitisha. Akauliza tu, "Kanga moja nimvalie nani?"

Nikaihesabu tena mbele yake, mara mbili. Mara zote mbili ikatoka moja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kama duka la Bukene limepata nyekundu, nitumieni kabla ya Jumamosi. Mkishaituma, ruksa kucheka.

Wenu,
Hamisi