Jini Mweupe wa Sungura

Kahawa haijachemka, Pindo fundi cherehani akatua benchini kwa kishindo na kikapu chake. Ndani, vitoto vinne vya sungura: vitatu vyeusi ti, kimoja cheupe pe.

"Jamani, nimedhalilishwa! Dume langu jeusi, jike langu jeusi. Huyu mweupe katoka wapi?"

Redio, muuza kahawa anayejua habari za kila nyumba, akageuza shingo taratibu kumtazama Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja. Kipara akajua kimenuka. Mtaa mzima dume jeupe lilikuwa lake tu, na alilipenda kuliko mashine zake za kunyolea.

"Msinikodolee macho. Dume langu lina adabu zake."

"Adabu za kuruka ukuta!" Pindo akafoka. "Nasema mbele yenu: dume lililoruka ukuta linaingia sufuriani leo leo!"

"Mimi naleta chumvi," Redio akadakia.

Bahati ya Kipara, akatokea Dokta, mganga wa mifugo, akaketi bila kukaribishwa.

"Acheni kumwonea mnyama wa watu. Hiyo ni jeni."

"Jini?" Redio akaruka na birika lake.

"Jeni, wewe! Kila sungura hubeba mbili za rangi: moja ya baba, moja ya mama. Nyeusi ni mbabe. Ikiwepo, nyeupe inajificha. Sasa baba kaficha nyeupe, mama kaficha nyeupe. Mtoto akizipokea zote mbili, anatoka mweupe. Kwa kawaida ni kama mmoja kati ya wanne."

"Yaani wote wawili wana majini weupe," Redio akanong'ona. "Pole, Pindo. Bora ungefumania."

Pindo akashusha pumzi. "Basi jike langu ni mwaminifu. Ila hukumu yangu iko palepale! Dume lolote lililoruka ukuta, sufuriani!"

Kipara akajipapasa kichwa. Kuna jambo alilolificha tangu asubuhi kwa kuogopa kuchekwa.

"Dokta, na weupe wawili wanaweza kuzaa mweusi?"

"Thubutu! Nyeusi haijui kujificha. Ingekuwepo, mzazi mwenyewe angekuwa mweusi."

"Ahaa! Maana jike langu jeupe limezaa alfajiri. Watoto weupe wawili, weusi watatu."

Dume jeusi mtaani lilikuwa moja tu, na vichwa vyote vikamgeukia mwenye nalo. Pindo akakohoa, akanyoosha kola ya shati, akasogea karibu na Kipara kwa sauti ya asali.

"Mkwe wangu, hivi mkamwana anaendeleaje? Maziwa yanatoka?"