Mwenyekiti wa Chama Kisicho na Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi 1947
Nimeamua kuingia siasa. Miaka kumi na moja nimekuwa karani wa mizani katika ghala la kahawa Shimanzi, na hakuna mtu aliyewahi kusimama nikiingia mahali. Mgomo wa wafanyakazi wa Januari ulinipita. Nilikuwa na homa. Wasiokuwa na homa sasa wanaamkiwa njiani.

Gharib, kinyozi wa Makadara, ameniambia huku akininyoa kuwa kuna chama kipya Mji wa Kale, nyuma ya duka la Valli fundi bati. Hakina mwenyekiti. Wembe ulikuwa shingoni, sikuonyesha furaha.

Mke wangu Shariffa ameuliza chama chenyewe chataka nini. Nimemjibu kuwa hayo ni mambo ya ndani. Nimeandika hotuba ya kukubali uenyekiti. Kurasa nne.

Jumanne, 4 Machi
Mkutano baada ya alasiri. Watu tisa, mkeka mmoja. Gharib naye yuko! Tena amevaa koti.

Joab, hamali wa ghalani kwetu, alieleza mambo. Wakati wa vita alilinda mateka wa Kitaliano, na mmoja wao, fundi wa vigae, alimfundisha ukomunisti usiotaka serikali. Mali iwe ya wote, wala asiwepo wa kumwamuru mwenziwe. Chama chaitwa Umoja wa Wasio na Bwana.

Nikauliza uchaguzi ni lini.

Joab akasema kwa upole, "Bwana Karani, sisi hatuna mwenyekiti."

Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja.

Valli akafafanua kuwa hawana na hawatakuwa naye. Kila jambo hukubaliwa na wote. Kila mtu hupata kazi, mgeni na mwenyeji. Mimi nimefagia. Gharib ameosha vikombe, kwa namna ya kujionyesha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata njia! Nimependekeza kamati ya kuzuia mtu yeyote asijifanye mkubwa. Mkuu wa kamati, mimi. Gharib akasema hatari kama hiyo yahitaji wakuu wawili. Valli akauliza wakuu hao watachungwa na nani. Mimi na Gharib tukajibu kwa pamoja, kila mmoja akijitaja. Pendekezo limekataliwa.

Kisha likaja jambo zito. Jana gunia lilimwangukia hamali Karisa mguuni. Msimamizi wa ghala amemfukuza papo hapo, eti mtu asiyeweza kusimama hana kazi. Karisa ana watoto watano. Imekubaliwa kuwa Jumamosi mahamali wataketi chini mpaka arudishwe na apewe kazi ya kushona magunia, ambayo hufanywa kwa kukaa.

Barua ya madai nimepewa mimi niiandike, kwa uzuri wa mwandiko wangu. Joab ameonya lisiwekwe jina la mtu. Msimamizi akimjua mmoja atamshika huyo, na wengine wataogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Barua ni nzuri mno. Lakini chini imebaki tupu, yasikitisha kuitazama. Nimeandika "Taha bin Faraj, Kiongozi." Kisha nimeongeza "Mkuu", kwa kuwa nafasi ilikuwapo.

Jumamosi, 8 Machi
Barua ilifika saa mbili. Saa mbili na robo nikaitwa. Nilipoingia, msimamizi alisimama! Alisimama kunifungulia mlango wa kutokea. Nimefukuzwa.

Mahamali sitini walikuwa wameketi uani, juani. Msimamizi akawaambia kiongozi wao ameshafukuzwa, basi wainuke. Joab akauliza, "Kiongozi gani?" Akaambiwa ni Taha. Akasema Taha ni karani. Hakuinuka mtu. Karisa akaja na mkongojo, akaketi katikati yao.

Meli ilikuwa ikingoja kahawa. Saa nane msimamizi akatoka tena, kola imelowa jasho, akauliza azungumze na nani.

"Na mimi," wakasema wote sitini.

Nilikuwa nje ya lango. Nami nikasema, "Na mimi." Hakuna aliyesikia.

Saa kumi Karisa alirudishwa. Watu wakaanza kujipangusa vumbi. Joab akasema bado mmoja. Wakaketi tena, saa nzima, kwa ajili yangu mimi niliyekaribia kuwaponza. Nimerudishwa. Si mizanini. Nitabeba magunia.

Jumatatu, 10 Machi
Mabega! Shariffa amenikanda kwa mafuta ya nazi na kuniuliza kama sasa nimejifunza. Nimesema ndiyo, tena kwa dhati.

Mkutanoni hakuna aliyenikemea. Joab alinimiminia kahawa, akasema kila mtu hukosea. Niliona haya nikashindwa kuimaliza. Nimefagia mpaka nje, bila kuambiwa.

Jumatano, 12 Machi
Umoja ulitutuma mimi na Gharib tukaonane na madereva wa malori pale Makupa, tuwaeleze kuwa watu waweza kusimama pamoja bila ya mkubwa. Nilieleza vizuri. Walinisikiliza, wengine hata injini walizima.

Dereva mmoja mzee, Mutunga, akauliza kama wakitaka kujiunga wamuone nani. Nikamwambia wamuone yeyote, sisi sote ni sawa. Akasema sawa, lakini yule mkubwa hasa ni nani.

Kwa unyenyekevu nikamwachia Gharib nafasi ya kunitaja.

Akajitaja mwenyewe!

Kesho nitarudi Makupa peke yangu.