Vigawo vya Ng'ombe Mmoja

Jumatatu, 14 Julai

Mwalimu Mkuu, Madam Evalina, ametuita ofisini mimi na Jenipha wakati wa chai. Habari nzito. Ijumaa mthibiti ubora wa shule anakuja kutoka Bariadi mjini. Atakaa nyuma ya madarasa yote mawili ya la tano: 5A yangu na 5B ya Jenipha. Mada ni moja, vigawe na vigawo. Baada ya hapo kamati ya shule itapeleka halmashauri jina la mwalimu mmoja wa kujitolea, afikiriwe kupewa mkataba. Mmoja! Sisi tuko wawili.

Nimejitolea hapa miaka mitatu na miezi minne. Mama alishawaambia ndugu zetu wote wa Mkula kwamba Boniventura ameajiriwa. Jina lisipokuwa langu sijui nitapita njia gani kwenda kuwasalimia.

Saa nne na nusu nimeingia darasani. Nimeuliza vigawo vya 12. Watoto arobaini na sita wakaimba kwa sauti moja: moja, mbili, tatu, nne, sita, kumi na mbili. Moyo ukapanda. Nikauliza vigawo vya 18. Wakaimba: moja, mbili, tatu, nne, sita, kumi na mbili. Nikauliza vya 7. Vilevile, kwa furaha zaidi.

Jenipha anafundishia vizibo vya soda. Ana debe zima. Watoto wake wanavipanga mafungu yanayolingana, kisipobaki kizibo wanaandika kigawo. Nimechungulia dirishani. Wanaelewa. Jenipha akaniona, akanipungia mkono kama mtu anayeaga msafiri.

Jumanne, 15 Julai

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Ng'ombe!

Kwa nini sikufikiria mapema? Hawa ni watoto wa Simiyu. Kabla hawajajua kushika kalamu wameshaona ng'ombe wakigawanywa: wa baba mkubwa, wa baba mdogo, wa mahari, wa kupelekwa Mwanhuzi kwenye malisho. Kigawo wanacho nyumbani, kinacheua nyuma ya nyumba. Mimi nawafundishia chaki!

Kazi ya nyumbani nimeiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Moja, hesabu ng'ombe wote wa kwenu wakirudi jioni. Mbili, andika idadi. Tatu, wagawe katika makundi yanayolingana, asibaki hata mmoja, uorodheshe vigawo vyote. Watoto walinyamaza sana. Nilidhani ni hamu.

Nimemwambia Jenipha kwamba vizibo havilii moo. Akajibu kwamba havinyi pia. Mtu asiye na upeo.

Halafu nimefanya maandalizi ya ziada. Mzee Mhoja, mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye mwenye kundi kubwa kuliko wote kijijini, na mjukuu wake Nancy yuko kwangu. Niliwahi kuliona kundi hilo likipita joshoni. Kwa jicho langu ni mia na ishirini. Nimechukua karatasi ya manila, nikaandika vigawo vyote kumi na sita vya 120, kwa rangi ya bluu na mstari chini. Ijumaa nitaibandika mbele ya mwenyekiti mwenyewe. Ataona ng'ombe wake wamekuwa hisabati. Atalia.

Jumatano, 16 Julai

Nimekusanya madaftari arobaini na sita.

Wanafunzi thelathini na mmoja wana ng'ombe mmoja.

Kumi na mmoja hawana ng'ombe. Watatu wameandika kwamba kwao wanafuga kuku, na kuku hawakuulizwa. Mmoja ameandika: Baba amesema mwalimu akitaka kuhesabu aje mwenyewe tumwone.

Nancy: ng'ombe mmoja. Vigawo: 1. Jibu sahihi! Ilibidi nimpe vema. Nimetoa vema thelathini na moja. Hii ndiyo wilaya ambayo vumbi la mifugo likipanda asubuhi huoni nyumba ya jirani, na mimi nimepewa darasa zima ambalo ukikusanya mifugo yote hujazi zizi moja.

Nimemwita Nancy pembeni nikamuuliza wale wengine wako wapi. Akatazama viatu vyake, akasema wale wengine ni wa shangazi.

Saa tisa kundi la Mzee Mhoja likapita mbele ya shule likitoka kunywa maji. La shangazi, kumbe. Nikasimama kwenye uzio nikaanza kuhesabu mwenyewe. Nilifika sabini na tatu. Mtoto mkubwa wa Mzee Mhoja, aliyekuwa nyuma ya kundi, akanisalimia: mwadila, mwalimu. Nikaitikia, hesabu ikanipotea. Hapo nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa bado hewani, kidole kimenyooka juu ya ng'ombe wa watu.

Akakitazama kile kidole. Akaendelea na safari, lakini alikuwa anageuka nyuma.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya kuliko zote tangu nianze shajara hii, na nimeianza nikiwa kidato cha pili.

Kabla ya kengele ya mstarini wazazi tisa walikuwa wamekaa nje ya ofisi. Mzee Mhoja katikati, fimbo kati ya magoti. Nikawaamkia kwa Kisukuma: mwangaluka, bhabha. Mwangaluka, mayu. Nikawazungukia wote tisa, na wote wakaniitikia kwa upole ule wa kumwitikia mgonjwa. Hapo nikaogopa.

Mzee Mhoja akauliza nani amenituma. Nikasema ni mtaala. Akauliza mtaala unataka ng'ombe wake wa nini. Mwingine akasema wao wanajua, hizi ni habari za zile hereni za ng'ombe za serikali, kwanza wanahesabu, halafu wanatoboa masikio, halafu unaambiwa umezidisha, punguza. Nikawaza: mbona kwa vizibo vya Madam Jenipha hakuna aliyekuja kuuliza soda zilinywewa wapi?

Mama mmoja, mayu Anna, alikuwa na hoja yake. Mtoto wake alilia jioni nzima. Nilimwambia agawe ng'ombe asibaki hata mmoja, na yeye kila akigawa anabaki mmoja. Sasa huyo anayebaki, mwalimu, anachukuliwa na nani?

Niliona nitulize hali kwa kuelimisha. Nikachukua kijiti nikachora mazizi kwenye vumbi. Nikasema, kwa mfano tu, mzee ana ng'ombe mia na ishirini, tukiwaweka katika mazizi manane, kila zizi linapata kumi na watano, hakuna anayebaki, hakuna anayechukuliwa.

Mbwa wa mtu alihema tukamsikia.

Mzee Mhoja akauliza taratibu: mia na ishirini nimeipata wapi? Na mazizi manane ni ya nini? Yeye ana watoto wa kiume wanne, kila mmoja na zizi lake. Hao wengine wanne ni watoto gani, ninaowajua mimi na yeye hawajui? Kwa mke yupi?

Madam Evalina ndiye aliyeniokoa. Akatangaza kazi imefutwa, mwalimu ni kijana, amepitiwa. Wazazi wakaondoka. Akanigeukia akaniambia kesho nitumie maharage, kama binadamu.

Nimekubali. Lakini nikiwa njiani kuazima maharage nimepata jambo bora. Sitahesabu mali ya mtu. Nitahesabu watoto wenyewe! Watasimama uwanjani kwa mistari iliyo sawa. Tatizo moja: 46 ina vigawo vinne tu. Aibu. Ila 48 ina kumi. Nimemwomba Jenipha aniazime wanafunzi wawili. Akakubali papo hapo, akachagua mwenyewe, akasema niwarudishe wakiwa salama. Simwelewi. Labda ameshajua ameshindwa.

Ijumaa, 18 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili kasoro gari jeupe la serikali likaonekana barabarani. Mthibiti ubora, Bwana Kristofa, mtu mpole, mkoba wa ngozi, akashuka akisalimia. Wakati huohuo, ng'ambo ya mashamba ya pamba, vumbi likapanda. Vumbi refu. Kijiji kizima kilikuwa kinaswaga mifugo kuelekea porini. Nyuma ya mifugo, kwa mbali, mashati meupe ya shule.

5A yangu ilikuwa na watoto ishirini na mmoja. Ishirini na watano wamekwenda kuficha ng'ombe ambao hawana.

Mzee Mhoja alikuja. Ni mwenyekiti, lazima aketi. Akakaa kwenye kiti cha nyuma uwanjani, karibu na Bwana Kristofa, ametulia, mtu wa ng'ombe mmoja.

Ishirini na mmoja, na wawili wa kuazima. Ishirini na watatu. Nikasema pangeni mistari miwili sawa. Akabaki mmoja. Mistari mitatu. Wakabaki wawili. Minne. Mitano. Sita. Jasho. Ishirini na tatu ni namba tasa! Nimeifundisha mwenyewe wiki iliyopita, nikaitolea mifano, na sikuitambua iliposimama mbele yangu imevaa kaptula. Mtoto wa mayu Anna, ambaye kila mara ndiye aliyekuwa anabaki, akaanza kulia akiuliza anachukuliwa na nani.

Nikaona hakuna njia nyingine. Nikaingia mstarini mwenyewe. Ishirini na nne! Nikawapanga mistari minne ya watu sita, nikasimama mwisho wa mstari wa tatu, mikono imenyooka. Ilipendeza. Vigawo vinane. Halafu nikasikia Bwana Kristofa akiuliza kwa adabu sasa hivi ni nani anayefundisha.

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa mwanafunzi.

Ndipo Nancy akanyoosha mkono. Akasema, mheshimiwa, tukiwarudisha wale wageni wa 5B tunabaki ishirini na mmoja, na tunasimama mistari mitatu ya saba saba, na mwalimu anaweza kutoka.

Bwana Kristofa akapiga makofi. Akamwomba mfano mwingine, wowote. Nancy akasimama wima. Akasema: babu ana ng'ombe mia na thelathini na sita. Mazizi ni manne. Kila zizi wanalala thelathini na wanne, na habaki hata mmoja. Wakitengwa mafungu manane, ni kumi na saba kila fungu. Kwa tano haigawanyiki, anabaki mmoja.

Sahihi! Yote sahihi! Miaka mitatu na miezi minne nilikuwa nikiisubiri sauti ile, na ilipokuja nilitamani ardhi inimeze.

Bwana Kristofa akamuuliza amejifunzia wapi vizuri namna hii. Akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: nilihesabu Jumanne jioni kama mwalimu alivyotuagiza, halafu babu akaniambia niandike mmoja.

Mzee Mhoja akainuka. Akakung'uta suruali. Akachukua fimbo yake akaenda zake, hakuaga hata mwenye gari.

Kwa Jenipha kulikuwa na vizibo. Vilipangwa. Havikubaki. Hakuna aliyelia.

Jumamosi, 19 Julai

Kamati imekaa asubuhi. Jina lililokwenda ni la Jenipha.

Madam Evalina amenionyesha nakala ya taarifa ya Bwana Kristofa. Ameandika kwamba somo la 5A limehusishwa vizuri sana na mazingira ya mwanafunzi, na kwamba uelewa wa mwanafunzi mmoja ni wa kiwango cha juu. Nimeisoma mara nne. Nikamuuliza kama kamati iliiona. Akasema walisomewa, na Mzee Mhoja aliomba ile sentensi ya mazingira irudiwe mara ya pili.

Hakunisema vibaya. Alisema tu kwamba mimi ni kijana mzuri na nipumzike. Wengine wote wakaitikia kwamba nipumzike. 5A nitaendelea nayo mpaka muhula uishe, kwa kuwa hakuna anayeitaka.

Jenipha amekuja kunipa pole. Ameniletea nusu ya vizibo kwenye mfuko. Alimaanisha wema, nikamuona usoni. Ndicho kilichoniumiza zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani benchi langu nimekaa peke yangu. Wakati wa kupeana amani nimepeana na nguzo.

Mama amepiga simu. Ndugu wa Mkula wanauliza sherehe ya ajira ni lini, wachague mbuzi. Nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri.

Sijala kitu. Nimelala chali mpaka jua limezunguka chumba chote.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka nikiwa mtu mwingine. Mtu mwenye elimu hakati tamaa, anachambua. Nimechukua daftari la maandalizi, nikaweka tatizo upande mmoja na sababu upande wa pili.

Sasa nimeelewa. Kosa halikuwa langu wala la njia. Njia ilifanya kazi, ushahidi ni Nancy. Kosa lilikuwa la ng'ombe. Ng'ombe ana miguu. Ukimfanya zana ya kufundishia, mwenyewe anamswaga anampeleka porini. Nilihitaji kitu ambacho kila familia inacho, watoto wanakijua, na hakihamishiki.

Na angalia bahati! Mada inayofuata katika mtaala ni eneo.

Leo mchana nimetoa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi apime shamba la kwao kwa hatua, urefu na upana. Aandike jina la mwenye shamba, na majina ya majirani wa pande zote nne, ili majibu yaweze kuhakikiwa. Mpaka usiojulikana vizuri, aukadirie mwenyewe kwa jicho. Nilisisitiza wasiwasumbue wazazi kwa maswali, waende kimyakimya.

Kwenye kila kona wachomeke kigingi chenye kitambaa. Vitambaa nimewapa mimi, nilichana shuka langu la zamani. Ni vyekundu, vionekane kutoka mbali.