Redio ya Okemwa Haina Leseni

Mwaka wa sabini na nne hivi, Okemwa wa Birongo aliinua macho kwenye dari ya ofisi ya kiwanda cha chai kule Nyamira, akaona riziki imebandikwa juu. Kitu cheupe, cha mviringo, kama sahani imefunikwa. Karani akamwambia kinanusa moshi. Moto ukitokea, kinapiga kelele. Lakini Okemwa, msomi wa darasa la nne, alishasoma kibandiko chake: RADIOACTIVE. Redio. Halafu active. Yaani redio ambayo iko macho!

Tusimcheke haraka. Sisi watu wa Kisii tukijua nusu ya neno, hiyo nusu ingine tunafundisha wengine.

Karani kutoka kidogo tu, sahani ikashuka darini ikaingia kotini.

Shida ya Okemwa ilikuwa ng'ombe. Babake Esnah, msichana aliyetaka kumwoa, alishasema: "Leta ng'ombe ya mahari, ama usahau mlango wangu." Na ng'ombe nzuri ilikuwa kwa mzee Ongeri wa Keumbu, ambaye hakuwa analala kwa wivu tangu shemeji yake anunue redio.

"Tata, hii haitaki betri ya duka," Okemwa akamwambia mzee, akimwita baba kwa Kikisii, wamekaa jikoni kwake.

"Na leseni?" Mzee akanong'ona. Siku hizo redio bila leseni ilikuwa kesi.

"Serikali hata haijui iko hapa."

"Inaongea saa ngapi?"

"Ikiwa na habari."

Bonareri, mke wa mzee, akasukuma kuni mbichi chini ya sufuria. Moshi ukapanda. Sahani ikalia PIIIII! Kuku wakatokea dirishani.

"Inasema nini?"

"Habari ya Ulaya, Tata. Huko mambo ni mbaya."

Mzee akafurahi mpaka akaenda kufungua ng'ombe. Kamba ilikuwa inatoka mkono huu kwenda ule wakati askari wa chifu aliingia, ametoka sokoni akifuata ile kelele. Akachukua sahani, akaisoma na kidole.

"Re-di-o. Leseni?"

Ongeri akavuta kamba yake. "Mimi bado sijanunua. Ni yake."

Okemwa akaona pingu. Akaamua kusema ukweli, kitu ambacho mdomo wake haukuwa umezoea.

"Afande, hii si redio. Ni mashine ya kunusa moshi."

"Pua yake iko wapi?"

Bonareri akacheka mpaka akaangusha mwiko.

"Haki ya Mungu, Afande, nimeiiba kwa kiwanda cha chai!"

"Nyamaza! Majani chai na redio wapi na wapi? Nimeona waongo hapa Keumbu, lakini wewe unadanganya mpaka unajifunga!"

Pingu ikalia kwachu! Mzee Ongeri akawafuata hadi kwa lango, kamba mkononi.

"Afande, akishalipa leseni, mnirudishie huyu kijana na redio. Ng'ombe nitamwekea."

Okemwa akaangalia ng'ombe. Ng'ombe ikamwangalia.

"Afande," akasema kwa heshima zote, "hiyo leseni ya redio yangu inakatwa wapi?"