Kompyuta Iliyogoma Kusema Mbele ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alishasema, tena mbele ya wageni, kwamba mtu aliyekwenda Geita akarudi bila dhahabu hawezi kuwa amerudi na kitu kingine. Wengine walisema sitajenga. Sawa. Nimerudi Shinyanga, nimejenga hapa Ibadakuli, na diploma yangu ya kompyuta iko ukutani kwenye fremu. (Fremu ni kubwa kuliko diploma. Nilitaka ionekane tangu mlangoni.)

Leo diploma hiyo imenitazama nikiumbuka na haikunisaidia kitu.

Iko hivi. Mama mkwe alifariki mwaka jana. Alikuwa na kawaida ya kumtumia mke wangu ujumbe wa sauti, na simu ya mke wangu ilipoanza kufa nilizihamishia sauti zote kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Mzee aliposikia kwamba ninazo, akanipigia kutoka kwake Runzewe.

"Mkwe, ni kweli naweza kumsikia?"

"Baba, njoo tu. Hiyo kwangu ni kazi ya dakika moja."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Jana niliona kompyuta inajikongoja, nikapiga windo upya, yaani nikafuta mfumo wote na kuuweka tena, ili mzee asisubiri. Sauti nilizitunza kwanza kwenye flashi, mimi si mwanafunzi. Nikaiunganisha kompyuta na sabufa yangu isiyo na waya, nikapiga muziki, mabati yakatetemeka. Nikarekodi na hotuba fupi ya kumkaribisha mzee, nisikie inavyotoka. Ilitoka vizuri mno.

Leo asubuhi mke wangu akachungulia. "Baba Minza, Mama Kulwa wa hapo jirani anaazima sabufa. Kwaya yao ina mazoezi."

"Mpe." Sikuinua hata kichwa. Mzee hahitaji makelele, spika ndogo za kompyuta zingetosha.

Baba mkwe akafika na koti lake la Jumapili. Shikamoo, marahaba, chai. Akasogeza kiti karibu kabisa na kompyuta, kofia magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya.

"Anaongea polepole?" akauliza.

"Hapana, baba. Ni draiva."

"Draiva wa gari gani?"

Hapo ningesema tu sijui. Lakini diploma ilishanipanda kichwani. Nikamweleza kwamba kompyuta ni kama zizi. Kila kifaa ndani yake ni ng'ombe, na kila ng'ombe ana mchungaji wake, ndiye draiva. Ukipiga windo upya, wachungaji wengine hupotea, na ng'ombe hawezi kulia bila mchungaji.

Mzee amefuga maisha yake yote. Akanitazama. "Ng'ombe wangu hulia hata nikiwa nimelala."

"Hawa ni tofauti, baba."

"Na huyo mchungaji yuko wapi sasa?"

"Yuko mtandaoni. Namshusha."

"Basi ninyooshe miguu. Akifika, niite."

Akatoka. Nikamsikia Mama Kulwa akimwita kutoka ng'ambo ya uzio: "Karibu uji, baba."

Nikabaki na kazi. Kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, kimoja kilikuwa na alama ya njano, nikajua nimemkamata mwizi. (Kilikuwa kifaa cha kusomea kadi. Hakihusiani kabisa.) Nikafuta draiva ya sauti, nikaweka nyingine, nikazima, nikawasha. Sauti ya marehemu sikutaka kuichezea, kwa hiyo kila nilipojaribu nilipiga hotuba yangu. Kimya. Draiva nyingine, hotuba tena. Kimya. Kwa jirani kulikuwa na mtu anahutubia kwa nguvu, nikafunga dirisha ili nisikilize kompyuta yangu vizuri.

Kisha nikaanza kuogopa. Je, kama sauti zenyewe ndizo nilizoharibu? Mzee alishampoteza mara moja. Sasa nimpotezee tena, kwa ajili ya kujionyesha? Nikafungua ujumbe wa mama mkwe. Mstari ulikuwa unatembea kwenye kioo, sauti hakuna.

Mke wangu akasimama mlangoni, mkono mdomoni. "Baba Minza. Unasikika kwa Mama Kulwa."

"Nani?"

"Wewe. Muda wote. Na sasa ni mama."

Nilizunguka uzio wa minyaa mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inapeleka sauti kwenye sabufa, kama nilivyoiagiza mwenyewe jana. Wanakwaya walikuwa wameizunguka. Mzee alikaa katikati, kikombe cha uji mkononi, na mama mkwe alikuwa anasema:

"…mume wako ana maneno mengi, mwanangu, mvumilie. Baba yako naye alinichumbia akisema ana zizi limejaa ng'ombe. Nimefika, nakuta mbuzi watatu. Watu wa namna hiyo huongea kwanza, halafu wanahangaika kutwa kucha ili maneno yao yawe kweli. Mpelekee maji ya kuoga, anyamaze kidogo."

Ikaisha. Kina mama wakanitazama mimi, wakamtazama mzee. Mzee alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Akaishusha. Machozi yalikuwepo, na kicheko pia.

"Mbuzi walikuwa wanne," akasema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Na wewe fundi," Mama Kulwa akaniambia, "hotuba yako ya 'Baba, leo utasikia kazi ya mtu mwenye diploma' tumeshaishika. Tunaitafutia besi tu."

Nilitaka kuirudisha sabufa nyumbani. Mzee akakataa. "Iache hapa hapa. Rudia, mkwe." Basi nikashinda nakimbia kati ya nyumba mbili, mguu mmoja peku, kubonyeza kila alipoomba. Kwaya haikufanya mazoezi.

Jioni, akiaga, alisimama sebuleni mbele ya ukuta wangu.

"Hii fremu ni kubwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akavaa kofia yake. "Mimi ningeweka kubwa zaidi."